Mkanda wa kuelea wa mwaka 1944: uliookoa, uliozamisha, na unaotafutwa leo

Leo tunazungumzia kifaa ambacho wengi wenu mmekiona katika filamu za vita bila ya kukitilia maanani: mkanda wa turubai na mpira waliofungwa askari waliovuka bahari kwenda kuteremka katika fukwe za Normandi, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 6 Juni mwaka 1944. Hii leo mikanda hiyo, pamoja na majaketi ya kujiokolea ya mabaharia wa zama hizo, inatafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale huko Ulaya na Marekani. Kwa nini itafutwe? Inatambuliwaje? Na ina habari gani ya kutueleza sisi tuishio zaidi ya miaka 80 baada ya vita vile?

Naomba nianze na aibu yangu mwenyewe.

Niliununua mkanda wangu wa kwanza katika soko la vitu vya kale vya kijeshi kusini mwa Uingereza, asubuhi moja ya mvua. Ulikuwa umelazwa juu ya meza baina ya kofia za chuma na chupa za maji za askari, rangi yake imefifia ikawa kama ya vumbi. Muuzaji alinihakikishia kwamba uliokotwa Omaha, ule ufukwe ambako Wamarekani walipata hasara kubwa kuliko kwingine siku ile ya uvamizi. Sikuuliza swali la pili. Nililipa bei ambayo mpaka leo sijaitaja nyumbani, nikaondoka nikiwa nimeukumbatia mkanda wangu kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Usiku ule niliuweka mezani chini ya taa, nikaukunjua polepole. Palikuwa na mhuri wa wino uliofifia, lakini kwa kioo cha kukuzia ulisomeka: namba ya mkataba, na tarehe ya kutengenezwa. Desemba 1944. Uvamizi wa Normandi ulikuwa mwezi Juni. Siku askari walipokuwa wakizama na kuelea mbele ya ufukwe wa Omaha, mkanda wangu ulikuwa bado haujashonwa.

Tangu usiku ule nimejifunza kwamba kifaa hiki, kikikosa maelezo yake, hakina faida kwa aliyenacho. Ndivyo ilivyo kwa mkusanyaji wa leo. Na ndivyo ilivyokuwa, kwa msiba mkubwa zaidi, kwa askari waliopewa mkanda huu mwaka 1944.

Ulivyotengenezwa na ulivyofanya kazi

Mkanda unaotafutwa zaidi ni ule wa Wamarekani ujulikanao kwa jina la M-1926. Kwa nje ni kitambaa kizito cha pamba. Kwa ndani mna mirija miwili mipana ya mpira, mmoja juu ya mwenzake, iliyozunguka mwili mzima. Ukiwa hauna hewa, mkanda huu ni mwembamba, na askari aliweza kuuvaa juu ya sare yake bila ya kuzuiwa kutembea au kushika bunduki.

Mbele, karibu na bizimu, pana vishikio viwili vya chuma. Ndani ya kila kishikio huwekwa kichupa kidogo cha chuma kilichojazwa gesi ya kaboni dayoksaidi iliyoshindiliwa. Askari alipokibana kishikio kwa nguvu, sindano ilitoboa kichupa, gesi ikapita katika mrija, na mkanda ukavimba kwa muda wa sekunde chache tu. Iwapo vichupa vilikataa kufanya kazi, palikuwa na vijiti vya mpira vya kupulizia kwa mdomo.

Waingereza nao walikuwa na mkanda wao, rahisi zaidi: mrija wa mpira uliovikwa kitambaa, uliopulizwa kwa mdomo na kufungwa kifuani kwa kamba. Marubani na askari wa miavuli walivaa kizibao cha manjano cha kujaza hewa, ambacho wanajeshi walikibatiza jina la Mae West, mwigizaji wa filamu wa Marekani aliyesifika kwa kifua chake. Mabaharia walioendesha vyombo vya kuteremsha askari, ambao kazi yao iliwalazimu kukaa majini siku kutwa, walivaa majaketi mazito yaliyojazwa nyuzi zinazoelea. Tutayarudia majaketi hayo baadaye, kwani yana uhusiano na mti ambao wasikilizaji wetu wa mwambao wanaujua vizuri.

Mkanda wa M-1926 ulikuwa na sharti moja. Ulipaswa kuvaliwa juu, chini ya makwapa. Sababu yake ni rahisi kuieleza. Mwili unapokuwa majini, kile kinachoelea hupanda juu na kile kilicho kizito hushuka chini. Mkanda ukiwa chini ya makwapa, kichwa na mabega hubaki juu ya maji, na miguu huning'inia chini. Lakini askari wa uvamizi alikuwa amebeba shanta mgongoni, risasi, kofia ya chuma, bunduki, na mara nyingi vifaa vingine vya kikosi chake. Mzigo wa kilo 30 au zaidi, na sehemu kubwa ya uzito huo ilikuwa juu ya kiuno. Aliyevaa mkanda kiunoni, kama mikanda yote ya kawaida ivaliwavyo, alipoujaza hewa majini alipinduliwa. Kiuno kilipanda juu, mzigo ukamvuta kichwa chini, na miguu ikaelekea mbinguni. Kumgeuza mtu wa namna hiyo kulihitaji mikono ya mwingine, na majini usiku, katika baridi, mwingine huyo hakuwapo.

Usiku wa Lyme Bay

Msiba huo haukungoja siku ya uvamizi. Ulitokea wiki sita kabla yake, pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza, katika jimbo la Devon.

Mwishoni mwa mwaka 1943, wakazi wapatao 3,000 wa vijiji vya eneo la Slapton walihamishwa makwao ili majeshi ya Marekani yapate mahali pa kufanyia mazoezi. Ufukwe wa Slapton ulichaguliwa kwa sababu unafanana na ule wa Normandi uliopewa jina la siri la Utah: ufukwe mrefu, na nyuma yake maji yaliyotuama. Mwezi Aprili 1944 yakaanza mazoezi makubwa yaliyoitwa Exercise Tiger.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Aprili, msafara wa meli nane za kubebea vifaru na askari ulikuwa ukipita katika ghuba ya Lyme Bay kuelekea Slapton. Meli moja ya kivita iliyopangiwa kuusindikiza ilikuwa imeharibika na kurudi bandarini, na ulinzi ukabaki kwa meli moja ndogo ya Uingereza, Azalea. Boti tisa za kasi za Wajerumani, zilizotoka bandari ya Cherbourg, zikaukuta msafara huo gizani na kuupiga kwa torpedo. Meli mbili, LST-507 na LST-531, zilizama. Ya tatu, LST-289, iliharibiwa vibaya lakini ikafanikiwa kufika bandarini.

Hesabu inayotajwa zaidi ya waliokufa ni 749, askari wa nchi kavu na mabaharia. Hiyo ni idadi kubwa kuliko ya waliouawa katika ufukwe wa Utah wenyewe siku ya uvamizi. Baadhi waliuawa na mlipuko na moto, wengine na baridi ya maji. Lakini palipokucha, waokoaji waliona jambo lililowashtua: maiti nyingi zilizokuwa zikielea kichwa chini, mikanda imevimba kiunoni. Askari wale walikuwa na kifaa. Walikuwa wamekijaza hewa kama inavyotakiwa, na kilikuwa kikielea vizuri kabisa. Hawakuwa wamefunzwa ipasavyo mahali pa kukivaa.

Wahenga walisema mfa maji hukamata maji. Wale wa Lyme Bay walikamata kilichokuwa bora kuliko maji, kikawageuka.

Waliosalimika waliamriwa wasiseme neno, kwa kuwa habari ile ingeweza kuwafichulia Wajerumani mipango ya uvamizi. Hata hivyo makamanda walijifunza. Masafa ya redio za meli za Marekani na Uingereza, ambayo usiku ule hayakuwa yamelingana, yalisawazishwa. Zikapangwa mashua ndogo za kuwaokota watakaoanguka majini siku ya uvamizi. Na askari wakafunzwa upya namna ya kuvaa mkanda. Kwa hiyo kuna watu waliofika ufukweni hai mwezi Juni kwa sababu ya wale waliokufa Aprili, ingawa wengi wao hawakupata kulijua hilo.

Leo, mgeni akifika Torcross, kijiji kilicho mwishoni mwa ufukwe wa Slapton, huona kifaru cheusi cha aina ya Sherman kimesimama kando ya barabara. Kilipotea baharini wakati wa mazoezi ya kipindi kile, na mwaka 1984 kilitolewa kwa juhudi za mkazi wa hapo, Ken Small, aliyeanza kwa kuokota ufukweni vitu vidogo vidogo vilivyoletwa na mawimbi: risasi, vifungo, vipande vya chuma. Alipouliza vimetoka wapi, alikuta habari ambayo watu wachache sana walikuwa wakiizungumza. Kifaru kile kikawa kumbukumbu ya waliokufa. Kwangu mimi huo ndio ukusanyaji katika hali yake bora: mtu ameokota kitu, akauliza swali, na hakuacha kuuliza mpaka maiti wakapata majina.

Asubuhi ya Normandi

Tarehe 6 Juni bahari ilikuwa imechafuka. Askari walitolewa katika meli kubwa na kuingizwa katika vyombo vidogo vya kuteremkia, vile vilivyobuniwa na Andrew Higgins wa New Orleans, kila kimoja kikibeba watu wapatao 36. Mbele ya Omaha baadhi ya vyombo vilikwama katika mafungu ya mchanga, mlango wa mbele ukashushwa, na watu wakaruka wakidhani wanaruka katika maji ya magotini, kumbe ni ya kupita kichwa.

Hapo mkanda uliwaokoa wengi. Waliojaza hewa waliibuka. Wengi wao walitupa bunduki na shanta ili waelee, wakafika mchangani mikono mitupu. Mikanda pia ilikuwa imefungwa katika mizigo, kama redio, mizinga midogo na masanduku ya baruti, ili yaweze kuvutwa majini. Na aliyefika nchi kavu hakuwa na haja tena ya kifaa kile kilichomvimba mwilini na kumzuia kulala chini. Alikifungua au akakikata kwa kisu, akakiacha hapo hapo. Maji yalipokuja juu, yalipanga mikanda ile kwenye mstari wa takataka za bahari pamoja na kofia, barua na viatu.

Ndiyo sababu mkanda ambao kweli uliwahi kuwa Normandi ni nadra. Uliotumika uliachwa. Ukaliwa na chumvi, ukafagiliwa na vikosi vya usafi, au ukaokotwa na wenyeji waliokuwa na shida ya mpira na kitambaa baada ya miaka minne ya kukaliwa na adui. Ile inayouzwa leo, kwa sehemu kubwa, ni ile iliyobaki katika maghala ya jeshi na kuuzwa kwa raia baada ya vita. Ni halisi, ni ya zama zile, lakini haikuona vita.

Sufi baharini

Sasa turudi kwenye yale majaketi mazito ya mabaharia. Nyuzi zilizokuwa zikiyajaza kabla na wakati wa vita zilikuwa za sufi, ile ile itokayo katika tunda la msufi, ambayo wasikilizaji wetu wengi wameilalia tangu utotoni katika mito na magodoro. Unyuzi wa sufi ni kama mrija mdogo mtupu uliojaa hewa, na juu yake una nta isiyopitisha maji. Kwa hiyo jaketi la sufi huelea lenyewe. Halingoji kichupa, halingoji pumzi, na risasi ikilitoboa haliishiwi hewa.

Kabla ya vita, sufi nyingi ya biashara duniani ilitoka Java. Mwezi Machi 1942 Wajapani walikiteka kisiwa hicho, na Marekani ikajikuta haina cha kujazia majaketi ya jeshi lake la majini. Wanasayansi wakaligeukia gugu la porini lenye utomvu mweupe kama maziwa, linaloota kando ya mashamba ya Marekani, ambalo maganda yake hutoa nyuzi laini zenye kuelea. Serikali ikaomba maganda hayo yakusanywe, na waliokusanya, kwa sehemu kubwa, walikuwa watoto wa shule. Waliambiwa kwamba magunia mawili huokoa maisha ya mtu mmoja. Maganda hayo yalipelekwa kusafishwa katika kiwanda kilichokuwa Petoskey, jimbo la Michigan.

Mkusanyaji anayepata jaketi la miaka ya 1943 hadi 1945, basi, huenda ameshika kazi ya mikono ya mtoto wa miaka kumi aliyezunguka mashambani baada ya masomo. Nazijua simulizi chache za vita zinazogusa moyo kuliko hiyo.

Vita vile viliwafika pia wana wa Afrika Mashariki. Askari wa KAR, ambao wazee wetu waliwaita Keya, walishiriki kampeni ya Madagaska ya mwaka 1942, iliyoanza kwa Waingereza kuteremka Diego Suarez mwezi Mei. Na mwanzoni mwa Februari 1944 meli ya abiria Khedive Ismail ilitoka Mombasa kuelekea Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, ikiwa na zaidi ya watu 1,500. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Walikuwamo pia wauguzi na wanawake wa jeshi la majini la Uingereza. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, manowari ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo. Ilizama katika muda wa dakika kama mbili. Walikufa watu 1,297.

Dakika mbili hazimtoshi mtu kushuka chumbani kutafuta jaketi, seuze kulifunga. Katika makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya barabara ya Ngong, pana ukuta wa kumbukumbu wenye majina ya askari wa meli ile. Miongoni mwao ni watu ambao lugha yao ya kazi na ya urafiki jeshini ilikuwa hii hii tunayozungumza sasa.

Jinsi ya kuutambua ulio halisi

Baada ya filamu ya Saving Private Ryan ya mwaka 1998, na tamthilia ya televisheni ya Band of Brothers ya mwaka 2001, hamu ya vitu vya Normandi iliongezeka sana. Hamu ikiongezeka, bei nayo hupanda. Na bei ikipanda, wajanja hawakosekani. Wapo mafundi wa kisasa wanaotengeneza nakala za mkanda huu kwa ajili ya filamu na kwa watu wanaoigiza matukio ya vita. Kazi yao ni halali, na wengi huiuza kwa uwazi kabisa. Tatizo huanza pale nakala inapofika mkono wa tatu au wa nne, ikiwa imechakazwa kwa mchanga na chai ya rangi.

Kwa msikilizaji anayetaka kuanza, haya ndiyo mambo ninayoyatazama mimi, baada ya kulipia ujinga wangu.

Kwanza, mhuri. Mikanda mingi ya Marekani ilipigwa mhuri wenye jina la mtengenezaji, namba ya mkataba na tarehe. Isome kabla ya kufungua pochi. Mkanda wa baada ya Juni 1944 ni halisi na una thamani yake, lakini haukuwa Normandi siku ya uvamizi, hata muuzaji akila kiapo.

Pili, mpira. Mpira wa zaidi ya miaka 80 hukauka, hupasuka au hunata kama gundi. Mkanda wenye mpira laini unaovimba kama mpya unastahili kutiliwa shaka kabla ya kusifiwa.

Tatu, uzi na kitambaa. Sabuni nyingi za kisasa, na vitambaa vingi vya baada ya vita, vina dawa ya kung'arisha ambayo hung'aa rangi ya samawati chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno. Pamba ya zamani, kwa kawaida, haing'ai hivyo. Lakini tahadhari: mkanda halisi uliofuliwa kwa sabuni ya leo nao utang'aa. Kipimo hiki kinakupa sababu ya kuuliza zaidi. Peke yake hakitoshi kutoa hukumu.

Nne, na muhimu kuliko yote, ni nasaba ya kitu. Nani alikuwa nacho? Kilimfikiaje? Je, kuna barua, picha au karatasi ya jeshi inayokitaja? Hadithi tamu isiyo na karatasi ibaki kuwa hadithi, na isiongezwe kwenye bei.

Jinsi ya kuutunza

Adui wa mpira ni mwanga, joto na hewa yenyewe. Usiutundike mkanda ukutani mbele ya dirisha. Usiukunje, mahali palipokunjwa ndipo patakapopasuka. Ulaze bapa katika sanduku, ndani yake ukitia karatasi laini isiyo na asidi ili kuta za mpira zisigandane. Usiweke pamoja na vitu vya shaba, kwani shaba huharakisha kuoza kwa mpira. Usiufue. Na usijaribu kuujaza hewa ili kumfurahisha mgeni. Pumzi moja inaweza kumaliza kilichovumilia miaka 80.

Vichupa vya gesi vitazamwe kwa makini. Kisichotobolewa bado kina gesi iliyoshindiliwa ndani ya chuma kinachozeeka. Kitoe katika kishikio chake kwa uangalifu, kiweke mbali na joto, na usisafiri nacho katika ndege bila ya kuliuliza shirika lenyewe.

Kuna jambo moja zaidi ambalo nisingependa kulisema, lakini nimeona watu wakilifanya: usiingie majini hata siku moja ukiwa umevaa mkanda au jaketi la zamani. Mpira umeshakufa, na sufi iliyoshikana au kuingia mafuta haielei kama zamani.

Ama kuhusu sheria, si kila kilichoko ufukweni ni cha mwokotaji. Nchini Ufaransa, kutafuta vitu vya kihistoria kwa mashine ya kugundua vyuma bila ya kibali cha serikali ni kosa. Uingereza ina sheria ya mwaka 1986 inayolinda mabaki ya kijeshi, na mtu atoaye kitu katika meli iliyozama katika maji ya nchi hiyo hupaswa kutoa taarifa kwa afisa anayehusika ndani ya siku 28. Baadhi ya meli zile ni makaburi. Mkanda uliotolewa humo kwa siri umeibiwa, hata ukioshwa na kuwekwa katika fremu.

Maneno ya mwisho

Waliovaa mikanda ile na wangali hai ni wachache mno. Katika maadhimisho ya miaka 80 mwaka 2024, wengi wao walikuwa wamekaribia au kupita umri wa miaka 100. Punde hapatakuwa na mtu wa kumwuliza, na vitu vitabaki kuwa mashahidi peke yao. Shahidi aliyelishwa maneno ni mbaya kuliko asiyekuwapo. Kila mkanda unaopachikwa jina la Omaha kwa ajili ya fedha humnyang'anya kitu mtu aliyekuwapo kweli, na ambaye hana tena mdomo wa kujitetea.

Wasikilizaji wetu mpandao boti baina ya Dar es Salaam na Unguja, au vivuko vya maziwa makuu, nanyi mna lenu katika habari hii. Baharia akisimama kuonyesha namna ya kuvaa jaketi, mtazameni. Tazameni linafungwa wapi na linakazwa vipi. Vijana wa Lyme Bay walikuwa na vifaa vya kutosha. Walichokosa ni maelezo ya dakika mbili.

Na mkanda wangu? Sikuurudisha. Uko katika sanduku lake, umelazwa bapa, karatasi laini ndani yake. Juu ya sanduku nimebandika kipande cha karatasi, nikaandika kwa mkono wangu: Mkanda wa kuelea wa jeshi la Marekani. Ulitengenezwa Desemba 1944. Haukuwapo Normandi. Huvaliwa chini ya makwapa.